Mtungi wa Gesi ya Kumi na Mbili

Simu ya Yuliana ilimkuta Kunigunda amepiga magoti nyuma ya friji ya bucha, hapo Mbinga mjini, tochi mdomoni, akikagua mpira wa mlango.

"Dada Kunigunda? Shikamoo. Mimi Yuliana, binti yake mzee Polikarpo wa huku Liuli. Unamkumbuka baba?"

Kunigunda akaitoa tochi mdomoni. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na karibu kila alichojua kukifanya kwa mikono yake alifundishwa na mzee huyo. Ila hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na saba.

"Marahaba. Namkumbuka. Anaendeleaje?"

"Mzima, ila leo siku ya tatu amekaa kwenye kigoda mbele ya friji yake ya zamani, habanduki. Nimempata mnunuzi wa chuma chakavu, maana chumba chenyewe kidogo. Baba kagoma. Anasema, 'Hatoki mtu na friji hii mpaka aje Kuni.' Mimi nikadhani anataka kuni, labda baridi ya mvua imemwingia. Nikamletea mzigo mzima. Akanifokea kama mtoto! Ndipo akasema, 'Kuni fundi. Kuni wa Mbinga.'"

Kunigunda akaizima tochi. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyewahi kumwita Kuni.

"Mwambie nakuja Jumamosi," alisema.

Mwaka 1989 Polikarpo alikuwa na karakana ya friji Mbinga, chumba kimoja cha matofali ya kuchoma nyuma ya soko. Alikuwa Mnyasa, Mwanglikana, mtu wa masharubu na saa aliyoivaa juu ya mkono wa shati. Kunigunda alikuwa binti wa Kimatengo wa miaka kumi na minane, Mkatoliki, aliyekosa nafasi ya sekondari na kuchoshwa na palizi ya kahawa ya baba yake. Alikwenda kuomba kazi ya kufagia. Polikarpo alipolisikia jina lake alicheka mpaka akashika meza. "Sasa Kuni ndiyo itakayogandisha maji?" Jioni hiyohiyo akamkabidhi bisibisi.

Alimfundisha kuchomelea shaba bila kuitoboa, kusikiliza kompresa kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni, na kusoma geji ya msukumo wa gesi. Juu ya geji hakuwa na mzaha. Kama friji imekufa na mwenyewe amesimama mlangoni kwa matumaini, bado useme kile mshale unachosema. "Geji haina mjomba," alikuwa akimwambia.

Kilichomshika moyo Kunigunda kuliko vyote ni taa ya kutafutia uvujaji. Ilikuwa taa ndogo ya spiriti yenye kipande cha shaba katikati ya mwali, na mpira mrefu ulionusa hewa kama pua. Ukipitisha ncha ya mpira kwenye maungio ya mabomba, mwali ulibaki wa bluu. Ukifika panapovuja, uligeuka kijani, kijani cha majani ya kahawa baada ya mvua.

"Hiyo ni klorini unayoiona," Polikarpo alisema mara ya kwanza. "Gesi yenyewe haina rangi, haina harufu, haiwaki, haimdhuru mtu. Lakini ukiipitisha motoni, moto unaibandua klorini yake, na klorini ikikutana na shaba inatoa kijani. Fungua dirisha. Moshi wake ni sumu."

Waliipenda gesi ile. Mafundi waliiita ya kumi na mbili, kwa namba iliyoandikwa kwenye mtungi, na ilikuja katika mitungi myeupe kutoka Dar es Salaam. Ilipobidi kufungua friji, walikata bomba wakaiacha itoke, na Kunigunda alizoea kuweka vidole mbele ya tundu ili aone umande ukiganda juu ya kucha zake. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayepumua baada ya kubeba mzigo. Kisha ilipita dirishani. Hakuna aliyejiuliza ilikokwenda. Hata leo, akiwa na mitambo ya kisasa na mafundi wawili chini yake, Kunigunda akivuta harufu ya spiriti mahali popote hujiona tena kwenye chumba kile, mvua ikigonga bati, mwalimu wake akiimba tenzi za kanisani kwake na yeye akimjibu kwa za kwake.

Mwaka 1995 alifungua karakana yake mtaa wa pili, kwa baraka za Polikarpo. Miaka miwili baadaye alipata kazi kubwa ya kwanza: friji nne za nyumba ya wageni iliyokuwa ikijiandaa kupokea ugeni mkubwa wa kanisa. Alipomaliza ya pili, gesi ikamwishia. Akakimbia kwa mwalimu wake. Mtungi mweupe ulikuwa palepale pembeni, wenye bonde ubavuni alilolifanya yeye mwenyewe siku alipouangusha ngazini.

"Umeisha," Polikarpo alisema bila kumtazama, akausukuma kwa mguu upite nyuma ya mlango. Mtungi haukusogea. Akausukuma tena kwa nguvu.

Mtungi mtupu hausukumwi hivyo. Kunigunda aliondoka bila kuaga. Kazi ikachukuliwa na fundi wa Songea, na kwa miezi mingi watu walimwita yule binti wa friji mbili. Haukupita muda, Polikarpo akafunga karakana yake na kushuka kwao Liuli, kando ya ziwa. Wako waliosema ni pombe, wako waliosema karogwa. Kunigunda alikuwa na jibu lake, nalo lilikuwa neno moja: wivu.

Jumamosi asubuhi aliazima pikapu ya shemeji yake, akaifunga nyuma mashine ya kunyonya gesi, akashika njia ya ziwani. Yuliana hakuwa amesema friji ni ya gesi gani, lakini kwa umri wa friji yenyewe hakuhitaji kuuliza. Milima yenye mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia maji yasiondoke na udongo, ikabaki juu. Kona baada ya kona joto likapanda, mpaka ziwa likafunguka chini, jeupe kwa jua. Njia hii aliwahi kuishuka na Polikarpo ikiwa bado vumbi, wote wawili juu ya lori la mahindi, wameikumbatia friji ya mtu isigonge. Walipofika chini alimnunulia mbasa wa kuchoma, samaki wa ziwa hilo, wa kwanza maishani mwake, akamwonyesha jinsi ya kumla bila kupoteza nyama ya kichwa. Alipolikumbuka hilo alijikuta anapunguza mwendo, kama mtu asiyetaka kufika.

Yuliana alimpokea barabarani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye haraka. Ndani, mzee alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo umeegemea mlango wa friji ya rangi ya maziwa iliyoanza kuoza miguuni. Masharubu yalikuwa meupe. Macho yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Alinyoosha mkono, akaushika wa Kunigunda, akapapasa kidole gumba mpaka akalipata kovu la kuchomelea. "Ndiye," alisema. "Kaa. Umekuja na mashine?"

"Ipo kwenye gari. Umejuaje kuwa ninayo?"

"Nilisikia kwenye redio kwamba mafundi mnafundishwa kuinyonya gesi badala ya kuipuliza. Nikasema kama yupo mmoja Mbinga mwenye mashine hiyo, ni Kuni. Huyu mtu wa chuma chakavu atakata bomba kwa koleo, gesi yote iende. Mimi sikatai kuuza bati. Nyonya kwanza gesi yangu, halafu wachukue bati lao."

Yuliana alisimama mlangoni. "Baba, siku zote hizi si ungesema hivyo tu?"

"Ungeelewa?"

"Ningejaribu."

Kunigunda alileta vifaa. Alibana vali ya kutobolea kwenye bomba dogo la kujazia, akaunganisha geji, akafungua. Mshale haukutikisika. Akaigonga geji kwa kucha. Akaangalia bomba za nyuma ya friji, akaona mahali ambapo kutu ilikuwa imekula hadi ndani.

"Inasema ngapi?" mzee aliuliza.

Ingekuwa rahisi kumwambia namba yoyote. Macho yake yasingeona. Angeweza kuwasha mashine ivume dakika kumi, kisha amwambie, tayari, Baba, yote imeingia.

"Sifuri," alisema.

"Rudia."

"Sifuri, Baba. Bomba la nyuma lilishatoboka. Labda miaka ishirini iliyopita. Imetoka kidogokidogo."

Mzee alipapasa mlango wa friji. Nje kuku walikuwa wakichakura mchanga. "Kumbe nalinda kabati," alisema hatimaye. Yuliana alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo, lakini mzee naye alikuwa akicheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. Alipopangusa macho, alimgeukia binti yake. "Nenda chini ya kitanda changu. Nyuma ya sanduku kuna kitu kimefungwa blanketi. Usikikokote, kibebe."

Yuliana alirudi akiwa amekikumbatia kwa shida. Blanketi lilipofunguliwa, Kunigunda aliuona ule mtungi. Rangi nyeupe ilikuwa imegeuka njano, maandishi yamefutika nusu. Bonde lilikuwa palepale ubavuni.

Akakaa sakafuni.

"Uliniambia umeisha."

"Nilikuambia."

"Nilijua ni uongo. Miaka yote hii nimejua. Sikujua sababu tu."

Polikarpo akavuta pumzi. "Mwaka tisini na sita niliitwa Dar kwenye semina ya mafundi friji, wiki mbili. Unakumbuka nilikuletea mkasi wa mabomba. Siku ya tatu mhadhiri alichora jua ubaoni. Akasema gesi hii yenu, kwa kuwa haiwaki, haiozi, wala mvua haiioshi, haina pa kufia huku chini. Basi inapanda. Polepole, miaka na miaka, mpaka inayapita mawingu yote, inafika mahali ambapo jua bado ni kali, halijachujwa. Na pale jua linaifanyia kile taa yetu ilichokuwa ikiifanyia."

"Linaibandua klorini," alisema Kunigunda.

"Linaibandua klorini. Mimi nimekaa dawati la nyuma, nauona ule mwali wa kijani, nasema, Mungu wangu, nimekuwa nikilitazama jambo hili kila siku na sikulijua."

Yuliana alikuwa ameketi kwenye ukingo wa meza. "Klorini ikibanduka kuna ubaya gani?"

Kunigunda ndiye aliyejibu. Alikuwa amefundishwa hayo kwenye semina ya Songea, mwaka 2004. "Huko juu kuna ozoni. Ni oksijeni tatu zilizoshikana, na ndiyo inayotukinga na mionzi mikali ya jua, ile inayoharibu ngozi na macho na hata mazao. Klorini ikiikuta, inaipokonya oksijeni moja. Kinga imevunjika. Halafu inakutana na oksijeni nyingine iliyo peke yake, inaiachia ile iliyoipora, na yenyewe inabaki huru."

"Huru!" Mzee alipiga goti lake. "Hapo ndipo niliposhindwa kula chakula cha mchana. Klorini moja ingekula ozoni moja ikafa, ningesema sawa, hasara ni hasara. Lakini haifi. Inakwenda kwa inayofuata, na inayofuata. Mhadhiri alisema chembe moja tu inaweza kumaliza hata laki moja. Na mimi nilikuwa nimepuliza mitungi mingapi? Nilirudi Mbinga, nikauona ule mtungi pembeni, nikashindwa kuufungua tena. Friji zikaja, nikawa nawaambia watu nina homa. Wateja wakahama. Nikahama na mimi."

"Ungeniambia!" Sauti ya Kunigunda ilipanda ghafla, hata Yuliana akasimama. "Baba, ungeniambia! Nimeipuliza miaka saba mingine, kila wiki. Natoa gesi dirishani kama ulivyonifundisha, naweka vidole, nafurahi. Ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini?"

Mzee alitazama mahali sauti ilikotoka. "Ulikuwa unakuja karakana unaimba tangu njiani. Ndiyo kwanza umefungua yako. Ningekuambia nini, kwamba nilichokuwekea mkononi kinatoboa mbingu? Niliona aibu, mwanangu. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho yake nikasema tena kesho. Mpaka siku ukaja kuuomba mtungi, nikasema umeisha. Ukaondoka, na mimi sikujua tena nianzie wapi."

Kunigunda alitoka nje. Aliteremka hadi majini, akasimama mchangani na viatu vyake vya kazi. Wanawake walikuwa wameanika usipa, dagaa wa ziwa hilo, kwenye vichanja, na harufu yake ilikuwa imejaa juani. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomshangaza: alikuwa akiomboleza furaha. Chumba kile, mvua juu ya bati, umande juu ya kucha, kila alichokihesabu kuwa asubuhi ya maisha yake, kilikuwa kimepanda juu kikafanya uharibifu. Alijaribu kukichukia, akashindwa. Kilikuwa kizuri. Hawakuwa wakijua, na kilikuwa kizuri, na madhara yalikuwa madhara. Alikaa nayo yote hayo mpaka Yuliana alipokuja kumwita chakula.

Walikula ugali wa muhogo na usipa, bila maneno mengi. Mzee alipapasa sahani akamsogezea Kunigunda fungu lake la samaki, na Kunigunda akalipokea. Baada ya kunawa alisema, "Yuliana, nani ana mizani ya samaki hapa jirani?"

Mizani ikaletwa. Waliuning'iniza mtungi kwenye boriti. Kunigunda akaondoa uzito wa chuma akilini, akasema, "Kilo tisa na kidogo. Haujapoteza kitu, Baba."

"Pima vali kwanza, ndiyo useme."

Alitoa kifaa chake cha umeme kinacholia kikinusa gesi, akakipitisha kwenye vali. Kikakaa kimya. Mzee alitikisa kichwa. "Hicho kinaweza kuwa kimekufa. Sanduku la pili, chini ya shati la jumuiya ya kanisa."

Taa ile ya kutafutia uvujaji ilikuwa imefungwa kwenye gazeti la mwaka 1997. Yuliana alipata spiriti dukani. Utambi ulikataa mara mbili, ya tatu ukashika, na harufu ile ikajaa chumba. Kunigunda aliusogeza mpira taratibu kwenye shingo ya mtungi, akauzungusha kwenye vali, akaushusha hadi kwenye bonde, mahali ambapo chuma kingeweza kuwa kimechoka. Hakuweza kujidanganya: sehemu moja ya moyo wake ilitamani kijani, mara moja tu, iwe kama zamani.

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Kote?"

"Kote, Baba. Bluu tupu."

Polikarpo alifumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, yakafuata mikunjo hadi kwenye masharubu. Kunigunda aliizima taa kwa kiganja, akamwekea mkono begani, wakakaa hivyo mpaka chumba kikaanza kupoa.

Jumatatu aliupeleka mtungi Songea kwa ofisa aliyeendesha semina yake ya mwaka 2004. Ofisa aliuzungukazunguka kama mtu aliyeletewa mnyama wa porini akiwa hai. Alisema utakwenda Dar es Salaam na mingine iliyokusanywa, na huko utatafutiwa njia ya kuteketezwa katika tanuru maalumu ambalo haliachi klorini itoroke. Akaandika hati ya kuupokea. Penye jina la aliyekabidhi, Kunigunda alimwambia aandike la Polikarpo.

Aliipiga picha hati akamtumia Yuliana, naye akamsomea baba yake. Dakika chache baadaye simu ikaita.

"Kuni. Huko juu kunapona?"

"Wanaopima wanasema kunapona. Polepole. Dunia yote iliacha kutengeneza gesi ile, na klorini iliyoko juu inapungua mwaka hadi mwaka. Wanasema ikifika katikati ya karne hii, sehemu kubwa itakuwa imerudi kama zamani."

"Mimi sitakuwepo."

"Hata mimi sina uhakika, Baba."

"Haidhuru," alisema mzee. "Watakuwepo wengine." Kisha akamuuliza mvua ya Mbinga imeendeleaje, na kahawa imeshika maua au bado.

Sixbert, yule mnunuzi wa chuma chakavu, alikuja kuchukua friji wiki iliyofuata. Yuliana alimnyima rafu za waya. Alizitandika juu ya kichanja na kuanikia usipa.

Tangu hapo Kunigunda alishuka ziwani kila alipopata nafasi, na kahawa ya kusaga mkobani. Mwezi wa sita alimkuta mzee amevaa saa juu ya mkono wa shati, amemngoja mlangoni. Jirani yake Emiliana, muuza maji baridi na juisi, alikuwa na friji mpya iliyogoma kupoza, na Polikarpo alikuwa ameshamwahidi kwamba fundi wake anakuja.

"Nifundishe gesi ya siku hizi," alisema walipokuwa njiani, mkono wake kwenye kiwiko cha Kunigunda.

"Hii haina klorini hata chembe. Haigusi ozoni."

"Ubaya wake?"

"Inawaka, Baba. Ni ndugu ya gesi ya kupikia. Ukichomelea kabla hujaitoa vizuri, mimi na wewe na juisi ya mama Emiliana tunaondoka pamoja."

"Aa! Kwa hiyo kila gesi ina lake."

"Kila gesi ina lake."

Mzee alicheka. Walipofika aliomba kigoda, akakaa karibu kabisa na friji, akaomba bisibisi. Aliweka ncha juu ya kompresa na mpini sikioni, akanyamaza, akasikiliza. Kunigunda alisimama nyuma yake akingoja, kama alivyongoja akiwa na miaka kumi na minane, amwambie amesikia nini.